Asmahani Afika Relini

Enzi za shule, Asmahani wa mtaa wa Isevya aliwaacha wenzake mbali mbioni hadi wakakata tamaa ya kumfuata. Kisha akaolewa na Nurdini. Nurdini akaenda machimboni Kahama kutafuta maisha, na huku nyuma mama mkwe, Bi Sikuzani, akapatwa na kiharusi. Tangu hapo dunia ya Asmahani ikawa chumba cha mgonjwa, jiko, na cherehani aliyoshonea ukumbini. Hata sokoni alikwenda mbiombio, roho ikiwa imebaki nyumbani.

Kila mwaka mbio za mji zilipita mbele ya mlango wake, kwenye barabara iliyofuata njia ya misafara ya kale, naye akazitazama dirishani. Safari hii Flavia, rafiki yake wa shule ambaye sasa ni mwalimu, alimwandikisha bila hata kumuuliza, akamletea namba ya kifuani. Wifi yake, Ummy, akaahidi kuja kutoka Sikonge kukaa na mgonjwa.

Asubuhi ya mbio simu ikalia.

“Wifi, nisamehe,” Ummy alisema. “Mtoto kaamka anachemka homa. Sitoki.”

“Haya, wifi. Mungu amponye.”

Namba alikwisha kuibana kifuani. Hakuibandua. Alimwogesha Bi Sikuzani, akamnywesha uji, akamgeuza ubavu, kisha akaenda kusimama mlangoni na raba zake miguuni. Vifijo vilikuwa vinasogea. Flavia alipotokea, jasho likimtiririka, akapunguza mwendo.

“Asma, njoo! Hata mpaka pale konani tu!”

Akaingia barabarani. Kona ikaja, ikapita. Miguu ilikuwa haijasahau kitu. Kifua kikafunguka, watu wasiomjua wakamshangilia, na kwa kitambo hakuwa mke wa mtu wala mkwe wa mtu. Aliposhtuka alikuwa amefika relini. Hapo ndipo kitanda cha Bi Sikuzani, kisicho na kingo za kumzuia asianguke, kilipomjia machoni.

Akageuka. Askari akamnyooshea mkono.

“Dada, hapa harudi mtu. Songa mbele, au kaa pembeni mpaka waishe.”

“Nimeacha mgonjwa peke yake!”

“Barabara imefungwa, dada.”

Mbele kulikuwa na wakimbiaji, nyuma wakimbiaji, kando kamba na umati. Akainama, akapenya chini ya kamba, akakata nyuma ya nyumba za watu, akiruka mitaro na kupita katikati ya nguo zilizoanikwa, akimwita Mungu kimoyomoyo.

Alimkuta Bi Sikuzani sakafuni, chini ya dirisha, shuka limemzonga miguu.

“Mama! Umeumia?”

“Sijaumia.” Ulimi wake ulikuwa mzito, maneno yakitoka moja moja. “Nilisikia vifijo. Nikataka nikuone.”

Asmahani alipiga magoti. Aibu na hasira vilimjaa kwa pamoja, asijue hasira hiyo amwelekeze nani.

“Umefika wapi?” Bi Sikuzani akauliza.

“Relini, mama.”

“Mbona umerudi?”

Asmahani alimpitisha mikono kwapani, akamwinua taratibu, akamlaza. Kisha akakisukuma kitanda hadi dirishani, wakawatazama wa mwisho wakipita, wengine wakijikongoja, wengine wakitembea na kucheka. Bi Sikuzani akaushika mkono wake kwa ule wa kwake mmoja uliobaki na nguvu, akalala hivyohivyo, na Asmahani akakaa pale hadi barabara ikafunguliwa, asithubutu kuuchomoa.