Udongo Usiopasuka

Shemeji yangu Dishon Oyugi ana ugonjwa mmoja: hawezi kukuambia jambo mpaka afungue kompyuta. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, anafungua. Ukimuuliza kama ameshiba, nusura afungue. Ni mdogo wa mume wangu, Owiti, na ndiye mtu wa kwanza katika boma letu hapa Kano kuitwa daktari, ingawa ukiumwa na jino hana msaada wowote. Udaktari wake ni wa dawa za kunyunyizia mimea. Anafundisha chuo kikuu, na kazi yake ni kukokotoa jinsi dawa hizo zinavyoshuka ardhini kutoka shambani mpaka kwenye maji. Hashiki jembe wala ndoo. Anaiambia kompyuta udongo ni wa namna gani, mvua ni kiasi gani na dawa ni ipi, nayo inamchorea sumu ikishuka. Mchoro huo anauita modeli.

Mimi ni Nakhungu. Niliolewa hapa kutoka Bungoma, na shemeji ni mtu wa kutaniwa, kwa hiyo nitamsema mpaka nichoke.

Mama mkwe husimulia kwamba Dishon alipokuwa darasa la pili alilia kutwa nzima kwa sababu kiatu chake cha shule kilitumbukia kwenye ufa wa shamba na hakikuonekana tena. Anayeijua Kano hashangai. Udongo wetu mweusi ukinyeshewa unang'ang'ania mguu wako, na jua la Januari likiupiga unapasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Mimi mwenyewe nimepoteza vifaranga humo, na nikiinama kuwatazama sioni mwisho wa shimo.

Mwaka jana mhudumu wa afya wa kijiji alipita nyumba kwa nyumba akisema tusinywe maji ya visima vilivyo karibu na mashamba mpaka yapimwe, maana tunanyunyizia dawa kupita kiasi. Hilo lilikuwa kweli. Owiti hujaza pampu ya mgongoni asubuhi, akaogesha nyanya zake kama anazipeleka kanisani. Na kisima cha mama mkwe kiko hapo hapo, chini kidogo ya nyanya. Nusu ya kijiji huchota kwake bure, na heshima yake yote imo katika kisima hicho. Alimpigia Dishon simu huku akilia. Dishon akaja na projekta na tai.

Chifu alituita kwenye baraza kanisani. Dishon akatandika shuka ukutani, akatuonyesha shamba lililochorwa kwa rangi: nyekundu ya sumu juu, samawati ya maji chini kabisa. Ile nyekundu ikashuka kivivu, ikafifia, ikawa njano, ikapotea kabla ya kufika popote.

"Munaona?" akasema. "Hii dawa inashikwa na soil. Inashuka pole pole, inaoza njiani. Kufika kwa maji itachukua miaka arobaini, na by then imeisha."

"Kwa hivyo tukunywe?" aliuliza Mercyline, jirani yetu.

"Mama, kunyweni. Science imesema."

Mhudumu wa afya aliuliza kama maji bado yatapimwa. Dishon alimtabasamia vile mtu humtabasamia mtoto wa nasari, akasema kupima ni kupoteza wakati, modeli inatosha. Vigelegele vikapigwa. Wiki ile mama mkwe alitembea sokoni kama mke wa gavana, na foleni ya ndoo ikarudi kisimani.

Dishon naye akageuza mchoro wake kuwa makala, akaituma kwa jarida la ng'ambo. Huko mtaalamu fulani ambaye hajawahi kukanyaga Kano akaisoma, akamrudishia swali fupi: je, udongo huu haupasuki?

Haya alitusimulia mwenyewe baadaye, akiangalia chini. Programu yake ilikuwa na mahali pa kuweka nyufa. Alipoziweka, kompyuta ikawa inakwama, kwa hiyo akazizima, akajiambia ni jambo dogo. Mtu aliyezaliwa Kano! Mtu aliyelilia kiatu! Alitengeneza shamba lisilo na ufa hata mmoja, laini kama keki ya harusi, akaliita shamba letu. Hapo ndipo utani wangu unapoishia na hasira inapoanza.

Baada ya swali lile aliziwasha nyufa. Kwenye mchoro, mvua kubwa ya kwanza baada ya kiangazi iliisomba dawa iliyolala juu ya shamba, ikatumbukia nayo nyufani, na ile nyekundu ikafika majini siku hiyo hiyo.

Sasa, mtu mzima angefanya nini? Angepiga simu. Chifu ana simu. Mimi nina simu. Lakini Dishon alikuwa amejipiga kifua mbele ya kijiji kizima, na chuoni kulikuwa na fununu za kumpandisha cheo. Akanyamaza. Kisha Jumamosi moja ya Machi, mvua kubwa ikiwa imetoka kunyesha, aliingia bomani na katoni za maji ya chupa.

"Ni ya Mama," akaniambia. "Asikuwe anachoka kuchota."

"Mama hachoti, shemeji. Mimi ndio nachota."

"Basi ni ya afya yake tu."

"Na afya yangu?"

Akacheka kile kicheko chake cha mikutano, akaenda kukagua matairi ya gari.

Mama mkwe alifurahi sana. Akazisukuma katoni chini ya kitanda, ziwangoje pasta na wageni wakubwa. Alasiri hiyo akina mama wa kanisa walikuja kumshukuru Mungu kwa ajili ya mwanawe. Waliimba, wakaomba, wakaomba tena, mpaka koo zikakauka. Mama akaniambia nigawe maji ya kisima.

"Mama, si kuna ya chupa," Dishon akasema.

"Ooyo, nyathina. Hapana, mwanangu. Leo wanakunywa maji yenye wewe ulisema ni safi."

Wakacheka, wakampigia makofi. Nikagawa. Dishon alikuwa ameketi karibu na mlango, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola, macho yakifuata kila kikombe. Wanawake wakanywa, hakusema kitu. Mercyline akamshikisha mtoto wake wa miaka miwili kikombe cha plastiki, hakusema kitu. Mwishowe nikampa mama mkwe chake. Alipokiinua, Dishon aliruka meza, akakipiga kikaanguka.

"Mama, usikunywe!"

Mama mkwe aliangalia rinda lake lililolowa. Kisha akatuangalia sisi, mmoja baada ya mwingine, vikombe vikiwa bado mikononi mwetu.

"Na hawa, Dishon?"

Mtoto wa Mercyline alikuwa amemaliza chake. Alishuka mapajani mwa mamake, akaja mpaka nilipokuwa nimesimama na ndoo, akaninyooshea kikombe nimwongeze.