Usimamizi wa Mirathi ya Baba

Mdogo wangu alitua kutoka Dar siku ya mazishi yenyewe, miwani nyeusi usoni, na msiba mzima ukahamia kwake. Shangazi, dada yake baba, alikuwa amekaa na mimi mkekani tangu alfajiri. Akainuka mbio kumpokea, na wenzake wote nyuma. Wakamlilia, wakampangusa, wakamtafutia chai ya maziwa. Mimi niliyemuuguza baba miaka yote ile, nikamwogesha, nikambeba mgongoni kumpeleka chooni, nikabaki na masufuria ya maharage. Nilimwonea wivu, ndiyo. Nasema wazi na sioni haya.

Ndiyo maana niliutaka usimamizi wa mirathi. Si kwa ajili ya mali, jamani. Nyumba ya Chemchem imechoka, na shamba la Ntalikwa mvua ikikataa huvuni hata gunia. Nilitaka mahakama inipe karatasi yenye muhuri, watu wajue mtoto wa baba ni nani.

Kikao cha ukoo kilikaa siku ya kuanua matanga, baba mdogo akiwa mwenyekiti. Kabla hajafungua mdomo, huyo akaingia jirani yetu mmoja, mama wa Kizaramo. Kabila letu na Wazaramo ni watani tangu enzi za wapagazi wa misafara ya pwani, na kwenye msiba mtani hazuiwi neno. Alikuwa amevaa koti la baba na kofia yake. Akakaa kwenye kiti cha marehemu, akakohoa kikohozi kile kile, watu hoi kwa kicheko. Kisha akanigeukia mimi.

"We mama, mdogo wako wa Dar kapiga simu leo? Amekula? Mbona hunijibu? Haya, lete huo uji wako, na leo utie sukari!"

Watu wakavunjika mbavu. Mdogo wangu akacheka huku analia, akafutwa machozi tena na shangazi. Mimi nilikenua meno tu, maana yule mama hakuongopa hata chembe. Ndivyo baba alivyoniuliza kila jioni, kijiko nimekishika mimi.

Mtani alipopewa kuku wake wa utani akavua koti, akaenda zake. Baba mdogo akasema, "Haya, tuache masihara. Msimamizi awe nani?"

"Si huyu wa Dar?" shangazi akadakia. "Amesoma, mambo ya ofisi anayajua."

Damu ikanichemka. "Shangazi, shikamoo yako naiheshimu, lakini cheti cha kifo kakifuata nani? Barua ya mtendaji wa kata nani kaihangaikia juani?"

Baba mdogo akakata maneno: awe mimi, niliyekaa na marehemu. Wote wakasaini muhtasari wa kikao, mdogo wangu naye akasaini kimya. Kimya hicho sikukiamini hata kidogo.

Tukafungua shauri Mahakama ya Mwanzo, tangazo likabandikwa ubaoni, mwenye pingamizi ajitokeze. Siku ya kusikilizwa mdogo wangu akapanda ndege tena. Nikajua tu huyu kaja kunipinga. Nikavaa kitenge changu kizuri, majibu yote nimeyapanga kichwani, makali kama pilipili.

Hakimu akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Mdogo wangu akasimama.

"Sina, mheshimiwa. Dada ndiye aliyemuuguza baba, mimi nilikuwa mtu wa simu tu. Na lile shamba la Ntalikwa, sehemu yangu naomba apewe yeye."

Ukumbi ukaguna kwa kumsifu. Hata karani akaacha kuandika, akamtazama. Angenipinga ningejua pa kumshika. Sasa nimshike wapi mtu wa namna hii?

Nilisubiri karatasi yangu ya uteuzi, nikapewa, muhuri juu. Nilipotoka nje nikamkuta shangazi amemkumbatia mdogo wangu katikati ya uwanja wa mahakama, anampigia vigelegele mbele ya watu.

"Mmeiona roho hiyo? Huyu ni kaka yangu mtupu! Hakuna mtoto mwingine aliyemchukua hivi!"

Halafu akaniona nimesimama mlangoni na karatasi yangu, akaniambia niwahi nikatafute bajaji, mtoto asije akachelewa ndege.