Nilivyofukiza Udi Ndani ya Treni ya Uturuki

Haya, chekeni kwanza mmalize, maana najua habari zilishafika mtaani kwetu Al Khuwair kabla ndege yangu haijatua Maskati, na siku hizi kila nyumba ninayoingia mwenye nyumba ananifichia kiberiti. Aibu nimeipata, sikatai. Ila nataka muisikie kutoka kwangu mwenyewe, kwa sababu wanaoihadithia wanaikatisha pale pabaya na hawafiki penye utamu.

Mnajua mwanangu Haitham alikuwa kaposa, na mnajua jawabu lilikuwa haliji. Binti mwenyewe, Muzna, anamtaka, baba yake hana neno, aliyezuia ni mama yake, Bi Thuraya, ambaye niliambiwa (na wale watu wanaopenda kukuletea habari za kukuchoma roho huku wanakunywea chai yako) kasema kijana hana kasoro, lakini mama mtu ana maringo, atamtesa binti yake. Mimi nina maringo? Mimi najua thamani yangu, basi. Lakini Haitham alikuwa hali vizuri, kila simu ikilia anairukia, na mimi usingizi ulinipaa, maana mwanangu alikuwa anakoseshwa mke kwa sababu yangu.

Baba Haitham akasema twende Uturuki tukapumzike, tupande ile treni inayolala njiani kuelekea milimani. Tukenda. Naingia behewani, napita kwa ubavu kwenye ule ujia mwembamba, mlango wa chumba cha jirani unafunguka, na anayetoka ni nani? Bi Thuraya, na buli la chai mkononi.

"Hee! Raya?"

"Thuraya! Na nyinyi mumo humu humu?"

Tukabusiana, tukaulizana hali mara tatu tatu. Mtu mwenye akili angesema tutaonana asubuhi, akajifungia. Mimi nikamkaribisha kahawa, nikaona Mungu kaniletea mwenyewe mpaka mlangoni, leo atajua Haitham katoka kwa watu gani.

Alikuja baada ya Magharibi, mumewe kamwacha kalala. Nikamtolea halua ya kwetu, tende, kahawa ya chupa niliyoitia hiliki kwa mkono wangu, akala, akacheka, akaniuliza hata gauni langu la dira nimeshonesha wapi. Mambo yalikuwa yamenyooka. Sasa kwetu mgeni haondoki bila ya kufukizwa udi, ukimwacha aende hivi hivi ni kama umemfukuza, na mimi (mtasema nini?) chetezo changu kidogo cha kufukizia nilikuwa nacho kwenye begi pamoja na mkaa, nimekizongea kanga.

"Raya, tumo ndani ya treni," Baba Haitham akasema.

"Kwani wageni wa treni si wageni?"

Nikawasha. Wallahi ule udi ulinukia! Bi Thuraya akafumba macho, akautanua mtandio wake juu ya moshi, na mimi moyoni nikasema posa imepita. Ningeishia hapo tungelala salama. Lakini nilitaka ajue kwamba kwangu udi haupimwi, nikaongeza kipande kizima.

King'ora cha moshi kikalia. Kikalia behewa zima, milango ikafunguka, watu wakamwagika na nguo za kulalia, watoto wanalia, treni ikapunguza mwendo mpaka ikasimama kwenye stesheni moja ndogo na sote tukateremshwa. Nami nimeteremka na dira, soksi za Baba Haitham miguuni, na chetezo chini ya kanga, maana mkaa ulikuwa unawaka, ningeuacha uchome behewa la watu? Nimekishika mbali na kifua, moshi unanitoka shingoni kama sufuria ya pilau.

Kondakta hakuniona. Alimwendea moja kwa moja mzee mmoja wa Kituruki aliyevaa pajama za mistari, ambaye jioni ile alishagombezwa kwa kuvuta sigara ujiani. Mzee anaapa, anatoa mifuko yake nje mbele za watu waone haina kitu, na kondakta keshaagiza begi lake literemshwe.

"Nyamaza," Baba Haitham akaninong'oneza. "Nakuomba, Raya, nyamaza tu."

Na alikuwa na haki, maana Bi Thuraya kasimama hapo hapo, na aibu ya mbele za watu ndiyo kitu cha mwisho nilichokihitaji. Lakini niliitazama ile mifuko ya pajama inaning'inia, nikashindwa kunyamaza. Wamesema nina maringo, basi maringo yangu hayakunikubalia mtu mwengine atukanwe kwa udi wangu. Nikatoka mbele, nikaifunua kanga, moshi ukamvaa kondakta usoni.

"Ni mimi," nikamwambia kwa Kiingereza changu cha ofisini, kichwa juu. "Huyu mzee hana kosa. Muombe radhi."

Simu zote zikanigeukia, na ndiyo hiyo picha mliyoiona. Kondakta akakohoa weee, kisha akasema basi nitakayeteremka na mizigo yangu ni mimi.

Bi Thuraya akaja akasimama ubavuni mwangu, kanishika mkono.

"Ukimteremsha huyu, na mimi nateremka," akamwambia. "Huyu ni mama mkwe wa binti yangu."

Chetezo nusura kinianguke.

"Thuraya, unasema kweli?"

"Nlikuwa nayaogopa hayo maringo yako," akanijibu kwa Kiswahili, anacheka na machozi yanamtoka (kwa moshi, alisema). "Leo nimeyaona kazi yake. Muzna nakupa."

Kondakta alipotuona tumeshikana hatuachani, akaumwagia maji mkaa wangu, akamuomba mzee radhi, akaturudisha ndani sote. Mimi nililia mpaka Baba Haitham akaniuliza nalia nini na nilichokitaka nimekipata.

Basi nimetubu. Sifukizi tena ndani ya kitu chochote chenye magurudumu, hata aje mgeni gani, na mkaa siupakii safarini. Lakini hiyo picha mnayotumiana msiifute. Nimesimama vizuri.