Nati Tano za Gurudumu la Kushoto

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nimefungua injini nikakuta chatu amejikunja ndani. Nimelifufua gari lililoanguka darajani, likatembea siku ya tatu kwa mikono yangu hii. Mafundi tisa walioko gerejini kwangu watakwambieni kama wamewahi kunisikia nikisema "siwezi". Na elimu yangu ni juzuu nne za chuo cha Kurani basi. Herufi za Kizungu nilijifunza kwa kusoma matairi. Lakini nikisikia harufu ya mafuta ya taa yakimwagiwa kutu, ile harufu kali inayopanda puani ikakaa kooni, mkono wangu huenda wenyewe shavuni. Nitakwambieni nyinyi kwa nini, maana mafundi wangu sijawaambia.

Nilikuwa na miaka kumi, au kumi na mmoja. Kwetu hakuna aliyeandika. Mjomba wangu Athumani, kaka yake mama, alikuwa ameuza shamba lake la minazi akanunua lori kuukuu kutoka kwa Mgiriki mmoja wa mkonge. Lilikuwa na bodi la mbao, mlango mmoja uliofungwa kwa kamba, na honi ya kubinya iliyolia kama bata aliyekanyagwa. Bagamoyo walimcheka mpaka wakachoka. "Athumani kauza kinachozaa, kanunua kinachokula," walisema barazani. Mjomba alipakia mbata za nazi, akapakia watu, akarudi na unga na sukari, na nyumba yetu yote ikala kwa lori lile. Hakuwa na kingine. Likienda tulikula, likilala tulilala nalo.

Siku hiyo ilikuwa masika na barabara ya Zinga ilikuwa tope tupu. Tulitoka Mlingotini na magunia ishirini ya mbata, watu watatu: mjomba kwenye usukani, mimi ubavuni pake, na utingo wetu Kombo juu ya mzigo. Mjomba akaamua tupite pwani. Bahari ilikuwa ya bamvua, maji yamekupwa mbali sana, mchanga umelala mgumu kama sakafu.

Kombo akainama kutoka juu. "Bwana Athumani, maji ya bamvua hayana adabu. Yakienda mbali, hurudi mbio."

"Wewe umezaliwa na pweza? Kaa kitako!"

Tukaenda vizuri, upepo usoni, harufu tamu ya mbata mgongoni, mpaka tairi la nyuma la kushoto likapasukia kwenye jiwe la matumbawe. Mjomba akajaribu kulikokota hivyo hivyo. Likajichimbia mpaka kwenye ekseli.

Hatukuogopa. Maji yalikuwa mbali, ng'ambo kule, mstari mweupe tu. Tukashusha magunia, tukachimba, tukaweka ubao chini ya jeki, gurudumu likainuka. Tairi la akiba tulikuwa nalo. Kazi iliyobaki ilikuwa nati tano.

Nati zilikuwa zimekula chumvi mpaka zikawa nyekundu. Mjomba alikuwa amekwisha kubadili magurudumu ya kulia mara nyingi, lakini hili la kushoto halikuwahi kufunguliwa tangu anunue lori. Akapiga bismillahi, akatia spana. Nati haikutikisika. Akaniambia nilete taa ya chemli. Akaizibua, akamimina mafuta yote kwenye nati. Tukangoja. Akajaribu tena. Wapi!

Alikuwa na msemo wake, alionifunza kabla sijajua kufunga kikoi vizuri: "Kwa kulia unafunga, kwa kushoto unafungua." Basi akavuta kwa kushoto. Akachomeka bomba la chuma kwenye mkono wa spana ili urefuke, yeye na Kombo wakaning'inia wote wawili, mishipa ya shingo imetoka kama kamba.

Tak!

"Imekubali!" akasema Kombo.

Haikukubali. Boliti ndiyo iliyokatika, nati na kipande chake vikaanguka mchangani. Mjomba akakiokota akakitazama kama mtu aliyeng'oka jino. "Zimebaki nne, zinatosha," akasema. Ya pili nayo ikakatika. Akasema tatu zinatosha, na ni kweli, tatu zinatosha kufika mjini taratibu. Lakini sasa ule mstari mweupe haukuwa mstari tena. Tulisikia sauti yake.

Wakaenda kusogeza magunia juu, maana maji yalikuwa yameanza kulamba ya mwanzo. Mjomba akaniambia nilishike bomba lisianguke. Spana ilikuwa kwenye nati ya tatu. Nikalishika. Wimbi dogo likapita chini ya lori, likanipiga miguuni kwa baridi, nikateleza, uzito wangu wote ukalalia bomba upande usio wake. Upande wa kufunga.

Nikasikia nati ikilia, mlio mwembamba kama panya. Ikazunguka robo nzima. Nikatazama: kwenye boliti palikuwa na kijistari kipya cha chuma kinachong'aa, na nati ilikuwa imesogea nje. Nje, jamani, si ndani. Niliona kwa macho yangu.

Kofi likanikuta hapo hapo. Sikumwona mjomba alivyorudi.

"Unanikazia! Mimi nafungua, wewe unakaza! Una akili wewe?"

Akalishika bomba, akairudisha nati ilipokuwa, akaanza upya kuvuta kwa kushoto. Tak. Ya tatu ikaenda.

Mimi nilisimama pale na shavu likiwaka. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Lakini kwetu mtoto hamsahihishi mkubwa, na mtoto aliyekwisha kupigwa kofi ndiyo kabisa. Tena nilijiambia: mjomba ana lori, wewe una nini? Labda macho yako ndiyo yaliyokosea. Maji yakanifika magotini. Nikafungua mdomo: "Mjomba..."

"Nyamaza!"

Nikanyamaza. Ya nne ikakatika. Ya tano ikakataa kukatika na ikakataa kufunguka, ikabaki peke yake imelishikilia gurudumu kama kupe. Mjomba aliipiga kwa nyundo, akaipiga kwa jiwe, maji yakimfika kifuani, mpaka Kombo akamkamata kiunoni. "Bwana Athumani, lori litapatikana jingine. Wewe huna roho nyingine." Ubao ukaelea, jeki likazama, lori likainama taratibu upande wa bahari. Honi ikatoa sauti moja peke yake maji yalipoingia. Mjomba akageuka asitazame.

Kesho yake watu wa Mlingotini walilivuta kwa kamba, lakini injini ilikuwa imekwisha kunywa chumvi. Waliokuwa wakimcheka barazani hawakumcheka tena, na hilo lilimuuma zaidi. Mjomba akaenda Fukayosi kulima mihogo katika shamba la mtu.

Nilipopata ndevu mbili nikaingia Dar es Salaam, nikawa mwoshaji wa vyuma kwa fundi mmoja wa Kisingasinga. Siku moja nikawa navuta nati ya gurudumu la kushoto, ngumu, naning'inia, na yeye akanisukuma pembeni. "Wewe punda? Tazama hapa!" Akapangusa kichwa cha boliti kwa kidole. Palikuwa na herufi moja imechorwa, L, kifupi cha kushoto kwa Kizungu. Akanieleza kwamba magari mengine ya zamani, nati za upande wa kushoto nyuzi zake zimegeuzwa ili zisijifungue zenyewe gari likitembea. Ukitaka kuzifungua, unazungusha kama unafunga. Akazungusha kwa mkono mmoja, huku anatafuna kashata.

Nilikwenda Fukayosi siku niliyopata ruhusa. Mjomba alikuwa anamenya mihogo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umenenepa, mji unakulisha."

Nikamweleza yote: herufi, nyuzi, kijistari cha chuma nilichokiona, kwamba mimi nilijua na nikanyamaza. Alimenya muhogo ule mpaka ukaisha. Halafu akasema, "Ungesema, ningekupiga kofi la pili." Akacheka, na mimi nikacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Siku hizo nilidhani amenisamehe mimi. Sasa, na watoto wa watu wananiamkia gerejini kwangu na kuogopa kunisahihisha, najua kwamba alikuwa anajihukumu mwenyewe. Nimewaambia mafundi wangu wote: ukiona, sema, hata kama nimeshika nyundo. Wananitii kwa shida.

Gereji yangu iliposimama nilimnunulia mjomba gari dogo la mizigo, kuukuu lakini zima, na leseni ya gari, na mshahara wa dereva wa mwezi wa kwanza, maana macho yake yalikuwa yamepungua. Hakuniomba. "Mjomba, imelegea": maneno mawili niliyoyameza pale pwani yalinigharimu, jumla yote, shilingi elfu tatu mia moja arobaini na saba na senti hamsini.