Mzee Soli Alivyopumzishwa

Baba yangu alishona viatu maisha yake yote, na mtaa mzima ukamwita Mzee Soli. Kibanda chake kilinuka gundi na ngozi, na sheria yake ilikuwa moja: hakitoki kiatu pale kama yeye mwenyewe hathubutu kukivaa safarini. Mishono ya ndani, ile isiyoonwa na mtu, aliivuta kwa nguvu kuliko ya nje. Ukimuuliza, anasema Mwenye kuona anaona. Kwa riziki hiyo ya halali alitulea sote.

Kisha kaka yangu mkubwa akapata cheo. Sina ugomvi na cheo. Ugomvi wangu ni na tai. Tangu aanze kuvaa tai, kaka aliona haya kupita na wakubwa zake mbele ya kile kibanda. Akaja nyumbani na maneno matamu: Baba umechoka, Baba sasa ni zamu yetu, wewe kaa ufanye ibada. Baba, ambaye hajui kumvunja mtu moyo, akakubali. Kaka akafunga kibanda, akalibeba sanduku la vifaa na kulifungia kwenye buti ya gari lake. Kulitupa aliogopa laana, kulirudisha hakutaka.

Nyumbani kukawa hakukaliki. Baba alishona viatu vyetu vyote, akashona mkoba wa Mama, akashona hata zulia ambalo halikuchanika. Mama akasema kazi mbi si mchezo mwema, na kama hatumtafutii huyu mtu shughuli, yeye atarudi kwao. Alikuwa anacheka, lakini mimi nilimwona Baba akipungua. Alikula kidogo, akazungumza kidogo. Iliniuma sana.

Ghafla akachangamka. Akawa wa kwanza kwenda msikitini, na akirudi anatabasamu peke yake. Kaka akajisifu: mnaona ibada inavyompendeza mzee? Wakati huohuo habari zikazagaa mtaani. Watu wanaingia kuswali wakiwa na ndara zilizokatika, wakitoka baada ya darsa wanazikuta nzima. Wengine wakasema ni malaika. Wajanja hawakusema kitu. Walianza kwenda kuswali na viatu vyao vibovu kuliko vyote.

Siku moja nikiwa garini na kaka, simu ikaita. Mzee wenu amekamatwa barazani pa msikiti, anaiba viatu. Kaka akageuza gari kwa mkono mmoja, mwingine unalegeza tai.

Tulimkuta Baba amezungukwa. Mgeni mmoja, mpita njia, alikuwa ametoka kwenye darsa mapema na kumkuta na ndara yake mkononi. Imamu aliichukua ile ndara, akaigeuza. Msharasi, ile sindano nene ya mafundi viatu, ulikuwa bado unaning'inia kwenye mshono. Kumbe Baba aliuficha mfukoni mwa kanzu siku zote hizo. Imamu akaanza kucheka, kisha akajizuia.

"Mzee Soli, ulichotenda ni chema. Lakini kiatu kina mwenyewe. Uliomba ruhusa?"

"Sikuomba," Baba akasema. "Nimekosa. Ndugu yangu, nisamehe."

Mgeni, aliyekwisha kuuona mshono wenyewe, akasema amesamehe, ila angependa umaliziwe. Watu wakacheka. Imamu akauliza kwa nini basi asifungue kibanda. Baba akatazama chini, akajibu kwamba watoto wake wanamhurumia. Hakutaja mtu. Imamu naye hakumtazama mtu. Alisema tu kwamba Nabii Daudi, pamoja na ufalme wake, alikula kwa kazi ya mikono yake.

Kaka akaelekea kwenye gari. Nilidhani anakimbia. Akafungua buti, akarudi amelikumbatia sanduku, akaliweka miguuni pa Baba. Kisha akavua kiatu chake cha ofisini, kile kinachong'aa, ambacho soli yake ilikuwa imeanza kufunguka. Akabaki na soksi mbele ya watu wote.

"Baba, naomba unishonee hiki. Ruhusa nakupa."

Baba alikaa chini, akafungua sanduku, akaipapasa nyundo yake. Machozi yalimlenga, nami yangu yalikuwa yameshatoka. Kisha akanyoosha mkono kwa imamu, akaichukua ile ndara ya mgeni.

"Subiri zamu yako, mwanangu," alisema. "Huyu ametangulia."