Sauti Niliyompa Rafiki Yangu Si ya Mke Wake

Ujumbe huu tumetumiwa na mzee mmoja wa Moshi. Jina lake tumelihifadhi na majina mengine ameyabadilisha mwenyewe. Tunaomba mumsome hadi mwisho kabla ya kumhukumu.

Wanangu, habari zenu. Nina miaka themanini na mmoja, ni mwalimu mstaafu wa fizikia, na naishi huku mlimani kwenye migomba na kahawa yangu. Moyo umechoka. Daktari ameniambia kwa upole kwamba nisitegemee kuyaona mavuno yajayo. Kufa siogopi. Naogopa kuondoka na jambo hili kifuani.

Nilipostaafu nilifungua chumba kidogo cha kurekodia kwaya, kule Shirimatunda. Kila sauti niliirekodi kwenye kompyuta kwenye njia yake peke yake, mbali na nyingine, lakini kazi ya kuziunganisha sikuiachia kompyuta. Nilizitoa nje na kuzipitisha kwenye mashine niliyoiunda kwa mikono yangu, yenye taa za kioo kama zile za redio za zamani, ambazo mafundi huziita vali. Njia kumi na sita ziliingia, zikakutana ndani ya zile taa, zikatoka mbili tu, ya kulia na ya kushoto. Sauti zilitoka nene, zenye joto, kama watu waliosimama bega kwa bega kanisani. Kwaya zilinifuata kutoka Bomang'ombe na kutoka Rombo, nami nikavimba kichwa. Nilikuwa nikisema kilichopita kwenye taa ndicho wimbo, mengine ni makapi. Kwa hiyo kila nilipomaliza kazi nilizifuta zile njia za mwanzo, nikabaki na mchanganyiko tu. Ukishaponda mtori huwezi tena kumtolea mtu ndizi yake, hilo nililijua vizuri kuliko mtu yeyote, na bado nilifuta.

Nina rafiki tangu shule ya msingi, nimwite Aloisi. Mke wake, Skola, ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya kigango chetu. Alifariki miaka sita iliyopita. Matanga yalipokwisha, Aloisi alikuja chumbani kwangu, akakaa, akakataa hata chai.

"Mwalimu, ule wimbo wa kwaya yetu uliourekodi," akasema. "Nitolee Skola peke yake. Hawa wengine wananizibia mke wangu."

Nilipaswa kusema, "Sinaye, nimemfuta." Maneno mawili tu. Lakini mimi ndiye niliyejitapa kigango kizima kwamba natunza sauti zao. Nikamjibu, "Yupo. Nipe wiki mbili."

Nilimwita Neema, binti wa dada yangu marehemu, aliyefundishwa kuimba na Skola mwenyewe tangu akiwa mdogo. Nilipomweleza kwamba nataka aimbe sehemu ya Skola, aliniuliza:

"Mjomba, huu ni msaada au ni dhambi?"

"Imba, mwanangu. Mzee wa watu anakufa kwa majonzi."

"Haya. Lakini geuka ukutani. Sitaweza kuimba ukiniangalia."

Nikageukia ukuta. Alipomaliza, niliipitisha sauti yake kwenye zile taa, nikazikoleza hadi utu uzima ukaingia katika koo la msichana. Kazi ile niliifanya vizuri kuliko zote za maisha yangu, Mungu anisamehe.

Aloisi aliposikiliza alilia kama mtoto. Kisha akainua kidole. "Umesikia hapo? Kavuta pumzi. Ndivyo alivyokuwa, hata akiniita nije kula alianza kwa kuvuta pumzi." Pumzi ile ilikuwa ya Neema.

Tangu siku hiyo huisikiliza kila alfajiri kabla ya kwenda shambani. Na si yeye tu. Mjukuu wake, ambaye alikuwa bado mchanga bibi alipofariki, amejifunza kuimba kwa kuifuatisha sauti ile. Pasaka iliyopita alisimama mbele ya kanisa akaimba, na Aloisi akanigonga kiwiko, akiniita mzee kwa Kichagga: "Damu haipotei, Meku!" Nikaitikia kwa kichwa. Neema ameolewa Tarakea. Nikilitaja jambo hili anakata simu.

Nimeungama kwa padre. Aliniambia Mungu amenisamehe, ila ukweli huo ni mali ya mwenye mke. Basi wiki iliyopita nilimwomba mwanangu anikatie jani la sale pale mpakani mwa shamba, nikaliweka chini ya mto. Kwetu Wachagga ukimkabidhi mtu sale hawezi kukataa kukusamehe, hata kama kosa lako ni damu. Nikamwita Aloisi.

Aliingia na utani wake. "Kumbe hujafa? Nimeshaazima viti!" Tukacheka hadi nikakosa pumzi. Nikaingiza mkono chini ya mto, nikalishika jani. Ndipo akaushika mkono wangu mwingine, akasema taratibu, "Meku, ukitangulia, mwambie Skola namsikia kila siku. Mwambie bado hajanyamaza nyumbani kwangu hata siku moja."

Nikaliachia jani. Nikamjibu, "Nitamwambia."

Tangu hapo silali. Nikimpa sale, mila itamlazimisha anisamehe, kisha atarudi kwenye nyumba yenye kimya, mke amemfia mara ya pili, na safari hii nimemuua mimi. Nikinyamaza, mjukuu ataendelea kumfuata bibi ambaye hakuwa wake, na Skola wa kweli, aliyebaki katikati ya sauti za kwaya, hatasikilizwa tena na mtu, kwa sababu yule pekee anayemtafuta ameshaamini kwamba amempata. Aloisi huja kuniona kila Jumapili baada ya misa. Jumapili zilizobaki ni chache. Nishaurini wanangu, na msichelewe: nimwambie, au nimwachie ile sauti, nife na siri yangu?