Vipakiti Visivyo na Nukta

Godelieve Vanacker alipofuka macho akiwa binti wa shule, na tangu hapo vidole ndivyo vilivyomlisha. Pale Kortrijk, nchini Ubelgiji, kiti cha henzirani kikitoboka pa kukalia kilipelekwa kwake akisuke upya. Dawa yake ya maumivu aliitambua kwa nukta nundu zilizochapwa kwenye boksi, jina na nguvu yake. Masharti yaliyobaki marehemu mumewe alimsomea mpaka akayashika kichwani, na hakuwahi kuyavunja.

Novemba moja ya mvua, homa ilimwangusha. Mdogo wake, Rozemie, alikuja na supu, akapanga vitu jikoni, akarudi kwake. Godelieve akabaki akimeza tembe zake kwa kipimo, na baada ya kila tembe akijikorogea kikombe cha limau ya moto kutoka vipakiti alivyovikuta kwenye kopo la biskuti. Vilikuwa laini, havina nukta hata moja. Vilinukia limau, basi akavichukulia kuwa limau.

Rozemie aliporudi Jumapili asubuhi, alifungua kopo, akalikuta tupu.

"Dada, unga wa homa umeisha wote?"

"Unga gani? Nimekunywa ile limau yako. Tamu, ila inaacha uchungu kooni."

"Na tembe?"

"Tembe kama kawaida. Kwani mimi mtoto?"

Akamsikia Rozemie akipekua pipa la taka, kisha kipakiti kikikunjuliwa.

"Herufi zenyewe kama mayai ya chawa," Rozemie alisema. "Ngoja... Ina parasetamoli. Gramu nzima kila kipakiti! 'Usitumie pamoja na dawa nyingine yenye parasetamoli.' Dada, ni dawa ileile ya tembe zako!"

"Boksi lake lenye nukta liko wapi?"

"Nililitupa. Lilikuwa limelowa mvua."

Godelieve akatafuta kiti kwa mkono, akakaa. "Endelea kusoma."

"'Ukizidisha kipimo, muone daktari mara moja, hata kama unajisikia vizuri, kwa sababu ini...'"

"Ini limefanya nini? Usinifiche, Rozemie."

"Linaweza kuharibika lisipone."

Hata kama unajisikia vizuri. Na kweli alijisikia vizuri. Asubuhi ile homa ilikuwa imeshuka, alikuwa amekula mkate kwa hamu. Kumbe mwili ungeweza kuoza ndani kwa ndani bila kumnong'oneza neno.

Walipiga simu kituo cha ushauri wa sumu. Mtu wa upande wa pili aliuliza uzito wake na vikombe alivyokunywa, kisha akasema, "Msisubiri chochote. Nendeni hospitali sasa hivi, na hivyo vipakiti mje navyo."

Hospitalini walimtoa damu. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, alirudi na majibu: ini lilikuwa limeanza kuumia. Wakamtundikia dripu ya kupambana na sumu ile.

"Nitakufa?" Godelieve aliuliza.

"Sitaki kukuahidi kitu, mama. Tumewahi kuanza, hilo ni jema. Tutapima tena."

Tangu hapo kila kichefuchefu alikiona kuwa ndio mwanzo wa mwisho. Alimshika mdogo wake mkono mpaka kucha zikamwingia.

"Nitazame macho. Yamekuwa ya njano?"

"Meupe, dada."

"Unanidanganya kwa kuwa sioni."

"Haki ya Mungu, meupe kama sahani!" Na Rozemie akaangua kilio. "Mimi ndiye niliyetaka kukuua. Mimi na usafi wangu."

"Nyamaza. Wewe ulitupa boksi, mimi nikanywa nisichokijua. Tutalaumiana tukifika nyumbani, kama tutafika."

Damu ya kesho yake haikuwa mbaya zaidi. Ya siku iliyofuata ikaonyesha nafuu, na daktari akasema sasa anaweza kuahidi. Godelieve hakushangilia. Alimtaka arudie maneno hayo, na alipoyarudia, akaomba arudie tena.

Alirudi nyumbani kichwa bado kikimgonga. Rozemie alimuuliza kama amletee kitu cha kutuliza, kwa ruhusa ya daktari.

"Acha kiniume," alisema Godelieve, akajifunika blanketi. "Angalau maumivu nayasikia."